Mashine Inayomuuliza Fundi

Kona ya ndani ndiyo humfichua anayeanza. Tundu la mstatili likichimbwa kwa patasi, kona zake nne hutoka kali, maana makali ya patasi ni bapa na hufika pale mkono unapoyapeleka. Biti ya mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ni ya mviringo na hukata kwa kuzunguka. Mchoro kwenye kompyuta unaweza kuwa na pembe mraba zisizo na dosari, lakini tundu litakalotoka kwenye mbao litakuwa na kona za duara: biti yenye kipenyo cha milimita 6 haiwezi kuacha kona iliyobana kuliko nusu kipenyo cha milimita 3. Ulimi uliokatwa kwa msumeno, wenye pembe kali, hauingii humo. Mwanafunzi atagonga kwa nyundo ya mti, ataugeuza, atagonga tena, kisha atarudi kwenye skrini kutafuta kosa ambalo kwenye skrini halipo.

Njia za kutoka hapo ni tatu. Anaweza kushika patasi na kuzichonga kona kwa mkono. Anaweza kuuviringisha ulimi kwa tupa mpaka ulingane na tundu. Au anaweza kurudi kwenye mchoro na kuiagiza biti ipitilize kidogo kwenye kila kona, iache vijishimo vinne ambamo pembe za ulimi zitapata pa kukaa. Zote ni sahihi, na mashine itaifuata yoyote. Lakini kwenye mguu wa kiti kiungo kinaonekana na kinabeba uzito wa mtu anayeegemea. Vijishimo vile vitachukiza jicho na kula mbao iliyohitajika. Ndani ya kabati la jikoni havitaonekana kabisa na vitaokoa muda mwingi. Mwalimu ninayemheshimu katika kazi hii ni yule anayeziweka njia zote tatu mezani, akanyamaza, akamwacha kijana achague na aeleze kwa nini.

Useremala wetu umerithishwa kwa macho. Mwanagenzi alifika asubuhi, akafagia maranda, akashika ncha ya pili ya ubao, akatazama. Fundi hakuwa na desturi ya kueleza. Ukimuuliza kwa nini amegeuza ubao kabla ya kupiga randa, angekujibu kwamba mbao yenyewe ndiyo inataka hivyo, na jibu lake lilikuwa la kweli, ila halikumsaidia asiyejua mbao inataka nini. Waliojaliwa jicho kali na subira walitoka wakiwa mafundi. Wengine walikaa karakanani miaka wakaondoka wanajua kupiga msasa na vanishi tu, si kwa uvivu, bali kwa sababu ujuzi ulipita mbele yao bila kusemwa.

Mashine inayoongozwa na kompyuta haina macho wala haijui kutazama. Lazima iambiwe ianzie wapi, iingie kina gani, ipite ndani ya mstari, nje ya mstari au juu ya mstari wenyewe, iende kasi gani, itokee upande upi. Inamuuliza fundi maswali ambayo mwanagenzi hakuthubutu kuyauliza, na haisogei mpaka ijibiwe. Hapo ndipo ninapoona thamani yake kubwa katika vyuo vya ufundi. Wengi huisifu kwa kasi, na kweli ni ya kasi. Lakini kwa anayejifunza, faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba inaulazimisha ujuzi uliokuwa mkononi upite mdomoni na kwenye karatasi kabla haujafika kwenye mbao.

Asili yake haikuwa kwenye mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons wa Traverse City, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akishughulika na mapanga ya helikopta. Pamoja na mhandisi Frank Stulen akaanza kulieleza umbo kwa nukta zilizokokotolewa, ili chombo cha kukata kifuate nukta badala ya kufuata jicho la mtu. Kazi hiyo ikafika katika maabara za chuo cha MIT, na mwaka 1952 ikaonyeshwa mashine ya kukata chuma iliyosoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Maseremala waliipata baadaye sana. Leo ukipita Keko, Dar es Salaam, utakuta milango na vichwa vya vitanda vyenye maua yaliyokatwa kwa mashine hizi, na fundi asiyekuwa nayo anapeleka mbao zake kwa mwenye nayo, anamlipa, anarudi kuunganisha.

Utepe wa karatasi umeondoka, lakini lugha ya maagizo imebaki fupi vilevile. Mstari mmoja unaweza kuwa huu: G1 X120 Y45 F3600. Maana yake: kata kwa mstari ulionyooka kutoka hapo ulipo mpaka milimita 120 upande huu na 45 upande ule, kwa mwendo wa milimita 3,600 kwa dakika. Siku hizi programu ndiyo inayoandika maelfu ya mistari ya namna hii kutokana na mchoro, na mwanafunzi anaweza kumaliza kozi bila kusoma hata mmoja. Nadhani hilo ni kosa. Anayeweza kusoma mistari kumi ya mwanzo ya faili lake anajua biti itashuka wapi kabla haijashuka, na amejiepusha na kuvunja biti nyingi.

Ile F3600 inastahili kutafakariwa, kwa sababu ndani yake mna somo zima la mbao. Tuseme mota inazunguka mara 18,000 kwa dakika na biti ina makali mawili. Hiyo ni mikato 36,000 kila dakika. Ukisafiri milimita 3,600 katika dakika hiyohiyo, kila kali linang'ata sehemu ya kumi ya milimita. Huo ni unene wa kipande chenye afya: kinakatika, kinaruka, kinaondoka na joto lake. Sasa mwanafunzi mwoga, akidhani mwendo wa taratibu ndio usalama, anaishusha F mpaka 900. Kila kali linapata robo ya kile kilichokuwa, halina cha kung'ata, linabaki kusugua. Joto linabaki kwenye biti. Kingo za mbao zinageuka rangi, moshi mwembamba unapanda, na biti iliyonunuliwa kwa fedha nzuri inapoteza makali mchana mmoja. Mwalimu anayejua kazi hana haja ya kusogelea skrini. Anasikia mlio ukibadilika kutoka mngurumo mzito kuwa kilio chembamba. Mashine ikisimama, anaokota maranda na kuyasaga kati ya vidole. Yakiwa na unene na umbo, ni sawa. Yakiwa unga mtupu, kasi ya mwendo ilikosewa.

Namba hizo hazihami kutoka mbao moja kwenda nyingine. Paina ya Sao Hill ni laini na inasamehe. Mninga umetulia, hausinyai wala hauvimbi sana, ndiyo maana maseremala wa Tanzania wanaupenda kwa fanicha ya kukaa miaka. Biti hupita humo kwa raha. Mvule ni habari nyingine. Nyuzi zake hupishana, kwa hiyo upande unaokatika vizuri hapa unachanika sentimita chache mbele. Tena mti huo hujenga ndani ya mwili wake vipande vigumu vya chokaa, mawe hasa, visivyoonekana kwa nje. Fundi wa mkono alivitambua kwa patasi kugoma na kwa kengele ndogo ya chuma kwenye jiwe. Mashine haisikii kengele. Itaendelea kusukuma mpaka biti ikatike. Kwa hiyo anayekwenda kukata mvule kwa CNC anapaswa kwanza kuupiga randa kwa mkono, auguse, aone nyuzi zinavyokwenda, kisha ndipo akae kwenye kompyuta. Nimeona wanafunzi wakilalamika kwamba hatua hiyo inawachelewesha. Ukweli ni kwamba bila hiyo hawana cha kuiambia mashine.

Kuna jambo jingine ambalo kompyuta haitalisema kama hujaliuliza: mbao hucheza. Mashine inakata kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, na kijana anayeona usahihi huo huamini kazi imekwisha. Ubao wenye upana wa milimita 200 uliokaa kwenye unyevu wa pwani, ukihamishiwa Dodoma wakati wa kiangazi, unaweza kupungua milimita nzima au zaidi. Fundi wa zamani wa milango alijua hilo. Aliuacha ubao wa katikati uelee ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, na akaacha nafasi ya kupumulia. Nafasi hiyo lazima sasa ichorwe. Iwe namba, iandikwe, itetewe mbele ya mwalimu. Namna hii somo la unyevu, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau, linapata mahali pa kukaa.

Kabla ya yote hayo kuna kuweka sifuri, na hii ndiyo sehemu ninayopenda kuitazama kuliko zote. Mashine haijui uso wa mbao uko wapi mpaka ionyeshwe. Zipo zana za umeme za kulifanya hilo, lakini njia ya karatasi ingali bora kwa kufundishia. Mota ikiwa imezimwa, kipande cha karatasi kinawekwa juu ya mbao. Biti inashushwa kidogokidogo, mwisho kwa hatua za sehemu ya kumi ya milimita, huku mkono mwingine ukiisogeza karatasi mbele na nyuma. Karatasi inateleza, inateleza, inaanza kuwa nzito, kisha inashikwa. Unene wa karatasi ya kawaida ni takriban sehemu ya kumi ya milimita, nao unaondolewa kwenye hesabu. Hakuna skrini inayoweza kukwambia karatasi imeanza kuwa nzito; vidole ndivyo vinavyojua. Katika karakana yenye mashine ya mamilioni ya shilingi, kazi yote inasimama juu ya hisia ya ncha za vidole viwili, na kijana aliyezoea kunoa patasi na kupapasa makali yake huipata hisia hiyo mapema kuliko aliyeletwa moja kwa moja kwenye kompyuta.

Wanaohofia mashine hizi huielekeza hofu yao kwenye nakshi, na hofu yao ina msingi. Mlango wa Kizanzibari una miimo iliyochongwa, kizingiti cha juu chenye maandishi au maua, na mfaa unaosimama katikati na kuficha mwanya wa mbao mbili. Samaki, minyororo, mawimbi, mayungiyungi, mitende: yote yamechongwa kwa bikari, penseli, nyundo na patasi za maumbo mbalimbali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na milango hiyo ni sehemu kubwa ya kile ambacho wageni na wenyeji huja kukitazama. Mwanafunzi wa useremala wa kituo cha mafunzo ya amali cha Mwanakwerekwe anaweza kupanda daladala akafika mbele ya milango hiyo. Sasa faili la ua la namna hiyo linaweza kununuliwa kwenye intaneti na kukatwa mchana mmoja.

Ukitazama kwa karibu, hata hivyo, utaona mahali ambapo mashine inakaribia mkono na mahali inapoachwa. Chukua biti yenye umbo la V, ya nyuzi 90. Kwa biti hiyo upana wa mfereji huamua kina chake: mfereji wa milimita 10 una kina cha milimita 5. Jani likichorwa kuanzia nene katikati hadi jembamba nchani, programu inaiinua biti polepole kadiri jani linavyopungua, hadi ncha inapotoka juu ya uso na kuacha kona kali kabisa. Ile kona ya duara iliyotusumbua kwenye tundu imepotea. Mchonga nakshi hufanya vivyo hivyo, anainua mkono kadiri anavyokaribia ncha ya jani. Mara ya kwanza nilipoona biti ikipanda namna ile nilifurahi kwelikweli, maana aliyebuni hesabu hizo, popote alipokuwa, alikuwa ameuona mkono wa mchongaji na kuuelewa.

Kisha tazama ua lililochongwa kwa kina, lenye petali zilizoinuka. Mashine ya kawaida ya vyuo ina mihimili mitatu: inakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Biti inakuja kutoka juu daima. Haiwezi kuingia chini ya ukingo wa petali. Mchongaji mzuri huingiza patasi pale chini, anakata kuelekea ndani, na jua la asubuhi likipiga mlangoni kivuli kinajificha nyuma ya petali, ua likaonekana kama limejitenga na ubao. Zaidi ya hapo, biti ya kichwa cha duara inayochonga miinuko hupita mstari baada ya mstari na kuacha matuta madogo kama ya shamba la viazi. Ukiyabana sana mapito ili matuta yapungue, kazi ya saa moja inakuwa ya saa tano. Ukiyapanua, msasa unayaondoa matuta pamoja na ukali wa nakshi. Ndiyo maana nakshi nyingi za mashine mitaani zinaonekana zimevimba na kulala, kama zilizooshwa mara nyingi. Mashine haikushindwa. Hakuna aliyerudi na patasi baada yake.

Somo linalonivutia ni lile linaloyaunganisha haya. Mwanafunzi anachonga kwanza jani moja kwa mkono, baya au zuri. Anachora jani hilohilo kwenye programu na kulikata kwa biti ya V. Anayaweka mawili kwenye mwanga wa dirisha na kueleza tofauti. Halafu anachukua la mashine na kulimaliza kwa patasi: anafungua kingo za chini, anakata mishipa, anaondoa matuta. Mashine imefanya ile kazi nzito ya kutoa mbao, na mkono umebakiwa na kazi ambayo ni mkono tu unaoiweza. Mtu aliyepitia hatua hizo kwa mpangilio huo anajua nini cha kuagiza na nini cha kushika mwenyewe.

Mpangilio ndio kila kitu, na nchini Tanzania upo mfumo unaoweza kuubeba. VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1994, na mfumo wake wa mafunzo unapima umahiri, yaani mtu aonyeshe kazi, si kukariri. Mamlaka hiyo pia hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Naona nafasi kubwa hapo. Fundi wa Keko aliyefanya kazi miaka ishirini, akikalishwa karibu na kijana anayejua programu, ndiye mwenye majibu ya maswali yote ambayo mashine inauliza. Anajua mninga uliokatwa mapema unavyojikunja. Anajua upande wa mbao unaopaswa kutazama nje. Kijana naye anajua kuyageuza hayo kuwa namba. Wala haihitaji fedha nyingi kuanza: zipo programu za kuchora zisizolipiwa, kama FreeCAD na Inkscape, na mwanafunzi anaweza kujaribu njia za biti kwenye skrini muhula mzima kabla chuo hakijanunua mashine. Mashine ikija, meza inayobeba ubao mzima wa plaiwudi wa futi nne kwa nane inatosha kazi nyingi za fanicha.

Mambo mawili ya karakana hayapaswi kuachwa nyuma. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota inasimama ndani ya mbao na mashine inaweza kusahau ilipo. Anayefundishwa vizuri huweka alama ya sifuri mahali ambapo biti haitaifuta, ili arudi pale pale. La pili ni vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka mwaka 1995 vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na biti inayozunguka kwa kasi hutoa vumbi laini kuliko msumeno wa mkono. Mashine ya kunyonya vumbi inunuliwe siku moja na CNC, katika bajeti ileile. Chuo kinachosema kitainunua baadaye kinawatanguliza vijana kwenye hatari hiyo.

Faili likimaliza kazi halifi. Hapa kuna kitu kipya kabisa katika useremala. Kiolezo cha zamani cha ubao kilining'inia ukutani bila maelezo. Aliyekitengeneza akiondoka, sababu za mikunjo yake ziliondoka naye. Faili linaweza kubeba maandishi: mninga, kina cha milimita 3 kila pito, F3600, maranda mazuri; mvule, nyuzi zinapishana, punguza kina, biti ilikatika kwenye jiwe karibu na kifundo. Chuo kinachowazoeza wanafunzi kuandika hivyo baada ya kila kazi kitakuwa, baada ya miaka michache, na maktaba ya mbao zetu ambayo hakuna kitabu cha nje kitakachoiandika kwa niaba yetu.

Na nakshi zikiingia katika maktaba hiyo, ziingie na wenyewe. Mchongaji mzee akikubali ua lake lipigwe picha na kuchorwa upya kwenye kompyuta, jina lake liandikwe katika mstari wa kwanza wa faili, pamoja na mji wake na mlango lilikotoka, na chuo kikubaliane naye mapema kuhusu malipo kila faili hilo linapokatwa kwa ajili ya kuuza. Makubaliano hayo yanatosha kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, na yafaa yaandikwe kabla kamera haijatolewa mfukoni.